Sabuni Iliyonunuliwa Kabla ya Ligi

Mfano huu nilipewa na Mama Atuganile, yule anayepika uji wa wanafunzi pale shule ya msingi. Alinisimulia Jumanne iliyopita tukiwa wawili jikoni kwake, tunachambua mchele, na alinisimulia kwa sababu ya jambo la binti yangu Tusekile, aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu. Jambo lenyewe nitalisema mwishoni, nikishapata ujasiri. Kwanza sikilizeni, akina mama wenzangu, na mkitaka kucheka, chekeni. Yeye mwenyewe alicheka mpaka ungo ukamponyoka na mchele ukamwagika.

Palikuwa na chuo kimoja cha ualimu, katika mji mdogo wa milimani ambako mvua ikianza haijui kunyamaza. Chuo hicho kilikuwa na timu ya mpira wa miguu. Katika ligi ya vyuo ya mwaka uliotangulia, timu ile ilikuwa ya pili, lakini ya pili kutoka mwisho. Je, mashabiki wake walikata tamaa? Basi hamwajui mashabiki. Wiki tatu kabla ya ligi mpya kuanza, wao walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa. Walisikia kuna mwanachuo mgeni, mshambuliaji, ambaye akipiga shuti mwamba wa goli unatetemeka hadi jioni. Hakuna aliyeliona shuti hilo kwa macho yake, ila kila mmoja alikuwa na binamu aliyeliona.

Kijiwe chao kilikuwa saluni ya kinyozi mmoja, mkabala na lango la chuo. Kinyozi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mashabiki. Mtu akikaa kwenye kiti chake, kabla hajanyolewa ni lazima ataje matokeo. "Mechi ya kwanza, ngapi kwa ngapi?" Ukisema moja bila, mashine inasimama katikati ya kichwa. Ukisema nne bila, unaongezewa poda. Tena alikwisha kugongelea rafu ukutani, rafu nzuri yenye mlango wa kioo, mahali pa kuweka kombe. Kombe lenyewe lilikuwa bado halijajua kama linakuja huko.

Basi siku moja kinyozi akachukua kopo kubwa la maziwa ya unga, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akatangaza, "Jamani, kila shabiki aandike karatasi moja. Unatarajia nini kwa timu yetu msimu huu? Kopo litafunguliwa mechi ya mwisho ikiisha. Atakayekuwa amepatia, jogoo ni wake."

Jogoo mwenyewe alikuwa nyuma ya saluni, amefungwa kamba mguuni, mweupe, mwenye kiburi kama mtu aliyekwisha kushinda.

Watu wakaandika. Wengine waliandika mpaka nyuma ya karatasi. Unadhani kuna hata mmoja aliyeandika habari ya kufungwa?

Sasa, jezi za timu ile zilikuwa zinafuliwa na mama mmoja mtu mzima. Mpira hakuujua sana. Bao likiingia, alisubiri kwanza aone wenzake wanafurahi, ndipo naye afurahi. Siku hiyo alikuwa akitoka dukani amekumbatia miche ya sabuni, kinyozi akamwita kutoka mlangoni.

"Mama, usipite hivyo! Njoo na wewe utabiri."

"Mimi nitabiri nini, mwanangu? Mpira wenu siujui."

"Andika tu unachotarajia. Usituangushe."

Mama akaweka sabuni zake juu ya benchi, akaomba kalamu, akaandika polepole, amekinga karatasi kwa kiganja kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu. Akakunja, akatumbukiza, akabeba sabuni zake akaenda.

"Huyo ameandika kumi bila," mmoja akasema, na saluni nzima ikacheka.

Ligi ikaanza, na mvua ikaanza siku hiyo hiyo. Mshambuliaji mgeni alipiga shuti kweli, tena zito, lakini goli lilikuwa huku na mpira ukaenda kule, ukapotea kwenye shamba la viazi. Golikipa wao, mwanachuo mwembamba wa mwaka wa kwanza, akafungwa mabao matano. Na mashabiki, wale wale wa kopo, wakaanza kumwimbia.

"Kipa, huna mlango? Kila apigaye hodi unamkaribisha!"

"Karibuni ndani! Karibuni ndani!"

Uwanja mzima ukaimba, mpaka mashabiki wa timu ngeni wakajifunza wimbo wakaitikia.

Mechi ilipokwisha, golikipa hakwenda na wenzake. Alipita nyuma ya mabweni, kwenye kamba za kuanikia nguo, amevua jezi na kuishika mkononi, ana matope hadi kwenye nyusi. Yule mama alikuwa ameshainamia beseni, anafua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Lete."

"Hii yangu usiifue, mama. Irudishwe stoo hivi hivi. Sichezi tena. Na chuo chenyewe, kesho nafunga begi langu, narudi nyumbani."

Mama hakuacha kusugua. "Kisa matope?"

"Kisa mabao matano, mama! Hukusikia wanavyoniimba?"

"Nilisikia. Wanaimba vizuri, kwaya yetu haijawafikia." Akanyoosha mkono wenye povu. "Lete jezi. Sabuni yako niliinunua kabla ligi haijaanza."

Golikipa akamtazama. "Kwa hiyo ulijua tutafungwa?"

"Hilo sikulijua. Kufunga na kufungwa ni mambo yenu na kinyozi. Mimi nilijua mtachafuka. Kipa akiudaka mpira anaanguka matopeni. Akiukosa, anaanguka matopeni vile vile. Anayerudi msafi ni yule aliyekaa kwenye benchi. Sasa nikae hapa nikutarajie wewe urudi msafi, ili iweje?"

 Golikipa akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na matope usoni yakafanya vijito viwili. Akampa jezi yake. Kesho yake asubuhi jezi ilikuwa kwenye kamba, ya njano kama kiini cha yai, inapepea. Begi halikufungwa.

Mechi iliyofuata alifungwa mawili. Iliyofuata, moja. Iliyofuata tena wakashinda, na wakati huo kiwanjani walikuwapo mashabiki saba tu, wengine walikuwa bado wamenuna majumbani. Sitawadanganya kwamba timu ile ilichukua kombe. Ilikuwa ya sita katika timu kumi. Kinyozi aliweka vitana kwenye rafu ya kombe. Lakini mechi ya mwisho, mvua ikinyesha, wakiwa mbele kwa bao moja na zimebaki dakika chache, ikapigwa penalti kwenye goli lao. Golikipa akaruka kushoto, akaupangua mpira, akatua kwenye dimbwi, maji yakaruka hadi kwa waamuzi. Jamani, kelele zilizopigwa siku ile! Watu walisahau kwamba hawakuwa mabingwa.

Jioni hiyo wakajaa saluni kufungua kopo, na timu nayo ikaja vile vile ilivyotoka uwanjani. Kinyozi akasoma kwa sauti.

"'Mabingwa bila kufungwa hata bao moja.'" Kicheko.

"'Mshambuliaji wetu mabao thelathini.'" Mshambuliaji, aliyekuwa amefunga matatu, akavuta kofia ikamfunika macho.

"'Kombe litapokelewa na mkuu wa mkoa.'" Mtu akapaza sauti, "Nani aliandika hilo?" Kumbe ni kinyozi mwenyewe.

Karatasi zikaisha, ikabaki moja. Kinyozi akaikunjua, akaisoma kimoyomoyo.

"Soma, mwenyekiti!"

Akakohoa. "'Natarajia jezi zitarudi na matope kila mechi. Nimeshanunua sabuni.'"

Saluni ikalipuka kwa kicheko.

"Lakini, mama," kinyozi akasema, anatetea jogoo wake, "huu si utabiri wa mpira!"

"Si wa mpira, mwanangu. Ninyi mlitabiri kombe. Mimi nilitabiri watoto."

"Amepatia!" golikipa akapaza sauti kutoka nyuma. "Kila mechi amepatia!"

Jogoo akafunguliwa. Alikuwa amenenepa, maana katika msimu ule, ukimtoa mama, ni yeye peke yake aliyepata alichotarajia. Mama akampokea, akamtia kwapani, akasema, "Tutamla wote. Ila kuku wangu haliwi bure. Hawa wanangu wamesimama hapa na matope yao. Vueni jezi. Na ninyi mlioandika karatasi, kila mtu achukue moja."

Basi mashabiki wakakunja mikono ya mashati. Kinyozi akaangukiwa na jezi ya golikipa. Akasugua, akasuuza, maji bado mekundu. Akasugua tena.

"Matope gani haya yasiyoisha?"

"Hayo ni ya penalti tu," golikipa akamjibu. "Ya mabao matano mama alishayatoa zamani."

Huo ndio mfano. Sasa tuulizane sisi wenyewe. Tumewahi kukosa kutarajia mema? Hatujakosa hata siku moja. Binti akiolewa, tunaandika karatasi. Mchungaji mpya akiletwa, tunaandika karatasi, tena ndefu: atahubiri hivi, atatembelea wagonjwa hivi, mke wake atakuwa hivi. Mume akipata kazi mpya, tunaandika. Matarajio yetu ni makubwa, na si dhambi kutarajia makubwa. Lakini, mwenzangu, ulipoandika karatasi yako, ulipita dukani? Huyo unayemtarajia ashinde, akirudi amefungwa mabao matano, atakuta nini nyumbani kwako, beseni au wimbo?

Maana tunayempenda tukamtuma uwanjani, atachafuka. Akishinda atachafuka, akishindwa atachafuka. Ukimtarajia arudi msafi, kwa kweli umemwambia asicheze.

Na Mungu wetu je? Mimi sikusoma sana, lakini hili nalijua moyoni. Alipotutuma duniani, naye aliandika karatasi yake. Sidhani aliandika kwamba tutarudi tumebeba kombe. Naamini aliandika, "Watarudi na matope." Na kabla hatujatoka mlangoni, maji yalikuwa yameshajaa kwenye beseni. Kwa nini basi tunajificha nyuma ya mabweni? Kwa nini tunamwambia, "Hii yangu usiifue"? Tumpelekee. Tena tumpelekee tukicheka, maana sabuni ipo tangu zamani.

Sasa jambo langu. Tangu Tusekile aanze shule, kila asubuhi nilikuwa nikimfunga vifungo vya blauzi yake nyeupe na kumwambia, "Urudi kama ulivyokwenda." Na kweli alirudi hivyo hivyo. Mwezi mzima, blauzi nyeupe pe. Nilikuwa najivuna mbele ya majirani. Ndipo Mama Atuganile, tukichambua mchele, akaniambia kwamba saa ya mapumziko watoto wote wanaruka kamba, wanacheza mdako, wanakimbizana, na wangu anasimama peke yake katikati ya uwanja, mbali na ukuta, mbali na wenzake, mikono ameinyanyua kidogo ili isiguse kitu. Alimwuliza, "Mbona huchezi, mjukuu wangu?" Mtoto akamjibu, "Mama amesema nirudi kama nilivyokwenda."

Nililia pale jikoni. Ndipo akanipa mfano huu, mpaka nikacheka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda dukani mapema, nikanunua mche mzima wa sabuni, nikauweka dirishani. Nikamvika Tusekile blauzi yake, nikamwonyesha.

"Unaona ile?"

"Sabuni, mama."

"Ni ya matope yako ya leo. Kacheze."

Hakuniamini. Alinitazama usoni kama anayesubiri nimalizie. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, basi nikamshika mkono tukatoka uani, nikainama, nikachovya kidole kwenye matope, nikampaka alama moja kwenye mkono wa blauzi. Akaitazama ile alama. Akanitazama mimi. Kisha akacheka kwa sauti, akakimbia kuelekea shule, akipita katikati ya kila dimbwi aliloliona njiani.

Nami nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji.