Viduara Viwili kwenye Kalenda

Hii imenifikia asubuhi nikinywa chai, na chai ikapoa mkononi. Isome taratibu, kisha mtumie yeyote mwenye ndugu walio mbali.

Huko Magu alikuwepo mzee aliyeitwa Lufunga, karani mstaafu wa pamba. Enzi zile kalenda ya nyumba ilikuwa moja tu, ile ya ukutani iliyogawiwa na chama cha ushirika, yenye picha ya shamba la pamba iliyopasuka ikawa nyeupe pe. Mwenye kalenda hasa alikuwa mkewe, Nkwimba. Siku ya kliniki, siku ya kufungua shule, siku ya mtoto kuzaliwa, zote alizizungushia kiduara kwa kalamu nyekundu. Ukitaka kujua wiki hii kuna nini, ulikwenda kusimama pale sebuleni, huku harufu ya kitunguu kinachokaangwa ikikufikia kutoka jikoni. Ilikuwa raha, tuseme ukweli.

Watoto wakakua, wakatawanyika. Nkwimba akafariki. Ukutani ukabaki msumari mtupu.

Ndipo binti yake Shija, aliyezaliwa baada ya mapacha Kulwa na Doto, alipomfungulia baba yake kalenda ya mtandaoni ambayo familia nzima ingeiona kwenye simu. Akamfundisha kuandika tarehe zote kwenye kompyuta, kuzihifadhi kama faili, kisha kuliingiza faili hilo kwenye kalenda. Mzee aliifanya kazi ile kwa moyo wote, kwa kuwa alikuwa na shauku moja tu. Alitaka wanawe wote wafike nyumbani mwezi wa nane, siku ya kumbukumbu ya mama yao, wale sahani moja kama zamani.

Lakini ukarani haukumtoka. Wakati wa pamba, kila alipopatikana mkulima mpya, Lufunga aliandika upya orodha nzima na kuipeleka makao makuu, na ile ya zamani ikachanwa. Basi sasa naye, kila alipokumbuka jambo jipya, aliliongeza kwenye faili, akaliingiza faili lote tena, akiamini kuwa kalenda itayatupa ya mwanzo. Kumbe kalenda haikutupa kitu. Faili lake halikuwa na alama ya kuitambulisha kila shughuli, kwa hiyo shughuli zile zile ziliporudi, kalenda ilizipokea kama wageni wapya na kuzipa nafasi nyingine.

Simu za watu zikawa hazitulii. Kulwa alimtania baba yake kwamba amekumbushwa kipaimara cha mwanawe mara nyingi mpaka akaanza kujiuliza kama ana watoto wengine asiowajua. Wadogo zake hawakutania, walizima arifa zote wakaendelea na maisha yao.

Mzee aliona haya. Alasiri moja akakaa barazani na kompyuta yake, akaanza kufuta marudio kwa mkono. Palipokuwa na vitu zaidi ya kimoja kwenye siku ile ile na saa ile ile, aliacha kimoja. Majina hakuyasoma. Aliangalia siku na saa tu, kama zamani alivyokodolea macho mizani bila kumtazama mkulima usoni. Jua lilipozama kalenda ilikuwa safi, naye akajisikia vizuri, akawaza kwamba Nkwimba angefurahi.

Mwezi wa sita siku ya kuzaliwa ya mapacha ikaja, ikapita. Mwezi wa saba mzee akauliza nani anakuja kwenye kumbukumbu. Wote wakaitikia, isipokuwa Doto, muuguzi wa huko Songea. Aliandika kwamba kazi imembana. Mzee akampigia simu, naye akarudia hilo hilo la kazi, kwa sauti ambayo baba yeyote angejua inaficha jambo.

"Doto mwanangu, ni kazi au ni mimi?"

Doto akajibu, "Baba, kwenye kalenda yako mimi sipo."

Mzee akaona ni maneno ya hasira tu. Akafungua kompyuta huku simu ikiwa sikioni, akaitafuta siku ile ya mwezi wa sita. Palikuwa na mstari mmoja: Kuzaliwa kwa Kulwa. Akatafuta juu, akatafuta chini. Hapakuwa na mwingine.

"Tangu utotoni ninyi ni Baba Kulwa na Mama Kulwa," Doto akasema. "Hilo nimelizoea. Ila mama siku yetu alikuwa anachora viduara viwili. Ulipomuuliza kwa nini anachafua kalenda, unakumbuka alikujibu nini?"

Mzee alikumbuka. Sauti ya Nkwimba ilimjia kana kwamba yupo pale jikoni: "Siku ni moja, Baba Kulwa. Watoto ni wawili."

Lufunga akalia, wala hakujificha. Akamweleza Doto habari yote ya faili na marudio.

"Nilikuwa nakimbiza vivuli, nikakufukuza wewe," akasema. "Nisamehe."

Jioni hiyo, Shija akimwelekeza kwa simu, aliitupilia mbali kalenda yote iliyovurugika. Akafungua mpya, akaipa kila shughuli alama yake ya kuitambulisha, akahakikisha kwamba ndani ya kalenda hiyo hamna kitu bado, ndipo akaliingiza faili mara moja tu. Kisha akaisoma kalenda jina kwa jina.

Mwezi wa nane Doto akaja. Alipoingia sebuleni alinusa kitunguu kinachoungua, maana mpishi siku hiyo alikuwa baba yake. Kwenye msumari ule wa zamani ilining'inia kalenda ya karatasi. Akafunua mwezi wa sita, akakuta viduara viwili vyekundu vimekaa bega kwa bega. Alisimama pale kitambo, mkoba ukiwa bado begani.

Nje jirani alikuwa anapita.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba," mzee akajibu kutoka jikoni. "Na Doto."

Funzo: Kabla hujaingiza jipya, tazama kwanza kilichomo, na kabla hujafuta unachodhani ni marudio, soma jina lake, kwani huenda ni mtu anayesubiri kukumbukwa.