Salamu Haimwagi Dawa

"Salamu haimwagi dawa," alisema Bibi Wakesho jikoni bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa majani ya mpera.

Wajukuu zake wawili walikuwa wametumwa kuyachuma majani hayo, na njiani wakampita jirani kama wanapita kisiki. Walipoulizwa walijitetea kwamba walikuwa na haraka, nyumbani kuna mtu anaumwa tumbo.

"Methali hiyo imetoka wapi, Bibi?"

Bibi akasogeza ungo kando. Methali hii, akawaambia, ilianza hivi.

Zamani, katika vilima vya Taita, enzi ambazo ukungu ulishuka mpaka ukaingia majumbani na kukaa kama mgeni, aliishi mwanamke aitwaye Mghoi. Alikuwa mjuzi wa mitishamba. Mwenye mafua alimfukiza kwa mvumbasha, aliyeungua moto alimpaka utomvu wa mshubiri, na watoto walioharisha aliwanywesha maji ya majani ya mpera. Hakuwa mchoyo wa ujuzi wake. Ila macho yalikuwa yameanza kumsaliti, na hilo hakumwambia mtu. Mganga akiri kwamba haoni vizuri! Afadhali angekiri wizi wa kuku.

Siku zile, aendaye kuchimba dawa hakusema na mtu tangu anapotoka mlangoni hadi dawa inapokaa motoni. Watu waliamini kwamba kila neno hutoboa tundu katika kikapu, na kwamba tundu la salamu ndilo kubwa kuliko yote. Dawa ingemwagika njiani, mgonjwa afikiwe na mizizi mitupu. Shangazi yake Mghoi, aliyemfundisha kazi, alimwonya: "Njiani utaitwa na sauti nyingi. Zitakuita kwa jina lako. Usiitike."

Asubuhi moja Mghoi aliamka na hofu. Mkawasi, mke wa mwanawe, alikuwa na homa kwa siku ya tatu, na mtoto mchanga ubavuni. Mghoi alimpenda binti huyo kuliko alivyojua kusema. Alipochukua kikapu na jembe, Mkawasi akafumbua macho, akasema kwa sauti iliyobaki kidogo tu, "Shikamoo, mama."

Mguu mmoja wa Mghoi ulikuwa umekwisha kuvuka kizingiti. Akasimama. Akanyamaza, akatoka.

Huko juu mlimani dunia iliishia pale mkono wake ulipoishia. Miti ilijitokeza mmoja mmoja, ikamtazama, ikarudi ukunguni. Alitembea kama asiyekanyaga ardhi, ikawa ni kama yeye ndiye anayeota na homa ni yake. Alikuwa akitafuta mtuliza, mmea utambaao juu ya mawe, ambao watu wa kule waliutumia mzizi wake kushusha homa. Akapapasa, akagusa jani lenye umbo analolijua, akaomba kimoyomoyo, akachimba. Alichimba upande mmoja tu wa shina, kama ilivyokuwa desturi, na mizizi ya upande wa pili akaifukia vizuri ili mmea uishi. Kisha akaanza kushuka.

"Mghoi!" sauti ikaita kutoka ukunguni.

Aliijua. Ilikuwa ya Mwandoe, mrina asali, mtu ambaye mdomo wake haukupumzika hata akila. Lakini leo alimsikia bila kumwona, na maonyo ya shangazi yakamrudia. Pengine hata si Mwandoe. Akaongeza mwendo.

"Mghoi, dada, kikapu chako kinadondosha maziwa!"

Nyayo zikamfuata. Mwandoe hakuthubutu kukigusa kikapu, maana kugusa dawa ya mwenzio ulikuwa mwiko mkubwa zaidi. Alichokuwa nacho ni ulimi tu. "Mtuliza hauna maziwa! Huo ni pacha wake, ni sumu huo! Nyuki wangu hata ua lake hawaligusi. Nijibu basi, mama we!"

Mghoi akauma midomo. Alikuwa analia, wala hakujua kama ni hasira au woga. Neno moja tu, na Mkawasi angekunywa maji matupu.

Mwandoe akasimama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema taratibu. "Haya, nenda. Kamnyweshe. Ila kesho katika nyumba ile hakuna atakayekuamkia."

Mghoi naye akasimama. Aliuona ule uso juu ya mkeka, na ile salamu iliyobaki mlangoni tangu alfajiri bila wa kuipokea.

"Marahaba," akasema.

"Dada, mimi sijakuamkia."

"Najua. Nisaidie, Mwandoe. Sioni. Mwaka wa pili huu sioni vizuri."

Akautoa mzizi mwenyewe, akauvunja. Maziwa yakamtiririka kiganjani, akautupa mbali. Mwandoe akampeleka kwenye jabali alikotundika mizinga yake. Huko mtuliza ulikuwa tele, mzizi wake mkavu, una harufu ya tangawizi. Kwenda na kurudi walizungumza, kwa sababu mwenye macho alipaswa kumwongoza asiye nayo: jiwe hapa, tawi hilo, inama. Kila neno Mghoi aliliona kama tone linalomwagika, lakini hakunyamaza tena.

Dawa ikachemka, Mkawasi akanywa. Mghoi akakaa kando ya mkeka, mtoto mapajani, akingoja kuona kama kikapu kilifika na chochote ndani yake. Mchana ukapita. Jioni jasho likamtoka Mkawasi usoni, kisha mwili mzima, akalala usingizi wa kweli. Asubuhi akafumbua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mghoi. "Ya leo, na ya jana."

Hadithi ya Bibi Wakesho ikaishia hapo. Wajukuu wakatazamana. Yule mdogo akainuka, akatoka hadi uani kwa jirani, na wote jikoni wakasikia, "Shikamoo!" na baada ya kitambo, kwa sauti ya mtu ambaye bado amenuna kidogo, "Marahaba."

Bibi akaurudisha ungo mapajani. "Si mnaona majani yenu bado yapo?" akasema. "Salamu haimwagi dawa."