Kiboko na Kengele ya Mipango

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa chuo?

Kijae wanyama!

Na kompyuta zake?

Zigome kila Jumatatu!

Basi chuoni hapo palikuwa na idara ya kutengeneza kompyuta. Mafundi walikuwa Ngedere, Kobe na Nungunungu. Mkuu wa chuo alikuwa Kiboko, mwili jumba, tamaa jumba na nusu.

"Mbuu! Ngedere, acha hiyo, njoo utazame simu yangu!" Ngedere akaacha.

"Mbuu! Kobe, acha hiyo, njoo uchape kadi za harusi ya binti yangu!" Kobe akaacha.

Kazi zote zikabaki nusunusu. Na Ijumaa kuna mtihani wa kompyuta! Kiboko alikwisha sema: zisipowaka, mafundi wote nje.

Ndipo akaja Pimbi, mkuu mpya wa idara. Kimo chake hakifiki kiatu cha Kiboko. Lakini kichwa, jamani, kichwa! Nampenda Pimbi, sifichi.

Akawaambia mafundi, "Ndugu zangu, kila asubuhi tupange pamoja. Kila mtu kazi moja, anayekwama asaidiwe."

"Na Kiboko je?"

"Huyo ndiye atakayetulinda."

Akaenda kwa Kiboko na kengele mkononi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi."

"Mafundi wanaanza hiki, wanaacha, wanashika kile. Kuwa Baba wa Mipango, mzee, uwape amri mbele ya chuo kizima."

Kusikia cheo, Kiboko akavimba. Kesho yake akapiga kengele, ngwe! ngwe! ngwe! "Kazi moja ikianza, haiachwi mpaka iishe! Atakayeiacha, nje!"

Pimbi akanong'ona, "Na atakayemwachisha fundi, mzee?"

"Nje naye!" Makofi, pwa! pwa! pwa!

Mafundi wakaingia chumba cha mtihani, wakaanza kutengeneza kompyuta. Mara, "Mbuu! Ngedere, njoo, simu yangu!"

"Naam, mzee. Ila kazi moja ikianza..."

"Haiachwi mpaka iishe!" wanafunzi wakamalizia dirishani.

"Mbuu! Kobe, kadi zangu!"

"Naam, mzee. Ila kazi moja ikianza..."

"Haiachwi mpaka iishe!"

Kiboko akafungua kinywa amwite Nungunungu. Akakumbuka nani atatoka nje. Akakifunga.

Ijumaa kompyuta zikawaka, pi! pi! pi!, ya kwanza hadi ya mwisho. Mafundi wakakumbatiana kwa furaha. Nungunungu alikumbatiwa kwa mbali.

Ngano yangu imefika mwisho. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko.

Na funzo lake, wanangu: mtiini mkubwa wenu katika kila neno. Hasa lile alilolisema mbele ya mashahidi.