Kaa la Mgeni

Hapo zamani, sogeeni karibu, mvua ilinyesha milimani Upare siku tisa bila kupumua, na siku ya tisa mgeni akaanguka kutoka juu. Kwao, kwenye nyota ya mbali, hata mawe huchemka kama uji. Huku kwetu baridi ilimgandisha kama mafuta ya ng'ombe.

Sekiete, mchoma matofali, alimkuta njiani amekakamaa. Tanuri lake lilikuwa limewaka siku mbili tu, matofali bado hayajaiva. Akalibomoa mdomo kwa mikono mitupu, akamwingiza. Mgeni akafumbua macho. Lakini upepo wa baridi uliingia naye, matofali yakapasuka yote, yale ya kujengea wanawe nyumba. Moto nao ukafa.

Sekiete na majirani wakambeba mpaka kwa Nakijwa. Alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue, na chumba cha mzazi ndicho pekee kilichokuwa na moto usiozimwa. Mtu baki haingii humo mpaka siku arobaini zitimie. Nakijwa akamtazama mwanawe, akamtazama mgeni.

"Mleteni," akasema.

Akampa upande wa moto. Yeye na mtoto wakahamia ukutani, penye unyevu. Hakupata usingizi. Aligusa pua ya mtoto, akamgusa mgeni. Pua, mgeni. Pua, mgeni.

Kuni zikaisha, na za nje zimelowa. Naetwe, mkunga aliyemzalisha, akavuka korongo hadi kwake alikokaa peke yake, akarudi na kitanda chake kichwani. Akakipasua kwa shoka, mguu baada ya mguu, akakitia motoni. Tangu hapo akawa analala chini, na magoti yake yale mabovu.

Siku ya tatu ndugu za mgeni wakaja kumchukua. Kabla ya kuondoka alitoa kaa la moto kifuani mwake.

"Halizimiki kamwe, ila likae nyumba moja. Likigawanywa, linakufa. Nikiondoka halijapokelewa, linakufa."

"Ni langu," akasema Sekiete. "Ningempita njiani, mngempasha nani? Wanangu wanalala chini ya majani ya migomba!"

"Tanuri lako lilizimika siku ileile, baba!" Naetwe akamkata. "Aliye hai leo ameota moto wa kitanda changu."

Sekiete akamgeukia Nakijwa. "Na wewe mzazi? Ulilala tu!"

"Kulala! Hebu lala wewe na kitu kinachonguruma kama chungu motoni, na kichanga kifuani! Tangu tuhamie ukutani mwanangu anakohoa."

Nakijwa akanyoosha mkono. Akaona magoti ya Naetwe yakitetemeka, akaurudisha. Mtoto akakohoa, akaunyoosha tena. Akaona vidole vya Sekiete vilivyoungua, akasita.

Mikono mitatu, kaa moja, na mgeni ameanza kukakamaa tena.

Semeni upesi, ninyi mnaoota moto: aliweke katika mkono wa nani?