Treni ya Mzee Ambakisye

Mpamba chumba humuuliza mlalaji. Maneno haya aliyasema Bibi Tumpe siku vijana wa kwaya walipokuwa wakibishania rangi ya kupaka chumba cha mchungaji mpya, kabla mwenyewe hajafika. Walimuuliza yametoka wapi, maana shuleni hawakuwahi kuyasikia. Bibi akawaambia kwamba methali nyingine bado ni changa, na chanzo cha hii anakijua. Ilianza hivi.

Pale Makambako alikuwapo fundi redio, Fidelis Mligo, mtu wa mikono isiyotulia. Watu walipotupa printa mbovu, yeye alizikusanya akazing'oa mota. Kwa mota hizo, reli za droo na kompyuta iliyochoka, alijiundia bandani kwake mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga mbao inayofuata mchoro wa kwenye kompyuta bila kushikwa na mkono wa mtu. Mwanzoni ilimtia aibu: alichora gurudumu, ikachonga yai. Hakukata tamaa. Alikaza hapa, akalegeza pale, hata ikaweza kuchonga jani na mishipa yake.

Mkewe, Tusekile, alikuwa binti wa Mzee Ambakisye wa Tukuyu, dereva wa treni mstaafu. Mama yake Tusekile, Subilaga, alipofariki, mzee alibaki peke yake, na macho yalikuwa yameanza kufifia. Tusekile alimsihi mpaka akakubali kuja kukaa nao. Fidelis alifurahi kuliko hata mkewe. Alimheshimu sana mkwe wake, na siku nyingi alikuwa akitafuta namna ya kumwonyesha. Akajisemea kwamba dereva wa treni atapewa treni.

Tusekile alimshauri ampigie mzee simu amuulize angependa chumba kiweje. Fidelis alicheka, akasema zawadi haiulizwi, akajifungia bandani. Mashine ikanguruma, unga wa mbao ukamjaa kwenye nyusi. Ubao wa kichwani mwa kitanda aliufanya uso wa treni, wenye taa mbili zinazowaka kwelikweli. Ukutani akabandika madirisha ya behewa, na ndani ya kila dirisha milima iliyochongwa kana kwamba inakimbia. Na kwa kuwa alikuwa fundi redio, hakuweza kujizuia: mlangoni alifunga honi, ukifunguliwa inalia.

Mzee alipowasili, majirani walijaa kutazama. Mlango ulifunguliwa, honi ikalia, watu wakapiga makofi. Mzee alisimama kizingitini kitambo, kisha akaingia, akagusa taa, akagusa dirisha, akamshukuru mkwewe kwa kazi kubwa na kumwombea baraka. Siku hiyo Fidelis alilala na tabasamu.

Asubuhi Tusekile alimkuta baba yake amelala kwenye kochi sebuleni. Mzee akasema ni mgongo. Kesho yake akakutwa kochini tena. Safari hii akasingizia joto, na Makambako ilikuwa na baridi ya kugonganisha meno. Hata alipojaribu kulala chumbani, akitoka kwenda msalani honi iliamsha nyumba nzima, naye akawa anaomba radhi kama mtu aliyevunja chungu cha watu. Wiki haijaisha, akamwambia binti yake kwa upole kwamba angependa kurudi Tukuyu.

Tusekile alilia jikoni. Nani angemwangalia mzee huko, na macho yale? Fidelis naye alitamani kumuuliza mzee sababu, akasita. Kumhoji mkwe si jambo la kukurupukia, na mzee, kwa adabu ileile, asingetamka neno la kumvunja moyo kijana. Wakawa wanapishana sebuleni kwa tabasamu, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Mwishowe Fidelis aliketi mkekani karibu na kochi.

"Baba, nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona chumba hukilali?"

"Mwanangu, nimelala ndani ya treni tangu ujana wangu. Tusekile alizaliwa niko njiani. Mama yake alianza kuugua niko njiani. Mimi nilistaafu ili nishuke. Wewe umenipandisha tena."

Fidelis aliinamisha kichwa. Kisha akaikumbuka ile honi, na kicheko kikampanda. Alijaribu kukizuia, akashindwa. Mzee alimtazama, mabega yake nayo yakaanza kutikisika, na Tusekile alipotoka jikoni mbio aliwakuta wote wawili wanafuta machozi.

"Sasa niambie, Baba. Ukifumbua macho asubuhi, unataka uwe wapi?"

"Nyumbani," alisema mzee. Akamweleza dirisha la chumba chao Tukuyu: migomba inayogusa ukuta, kuku wakiparua chini yake, na Subilaga akipita na ndoo ya maji kichwani. Kila alipoanza kuyazoea hayo, aliitwa kazini.

Walikwenda bandani pamoja. Mzee alikaa kwenye kigoda akielekeza, Fidelis akichora kwenye kompyuta. Mzee alikuwa msimamizi mkali: mgomba wa kwanza uinamie kushoto, mkia wa jogoo upunguzwe, na Subilaga hakuwa mnene kiasi hicho. Ubao ulipotoka mashineni, mzee hakuyategemea macho. Aliupapasa polepole, jani kwa jani, kuku kwa kuku, hata akafika kwenye ndoo ya maji na mkono ulioishika. Hapo vidole vyake vikatulia.

Ubao huo ulibandikwa chumbani kwa mzee, nayo treni ikahamia chumba cha wajukuu, watoto wa Fidelis, honi na yote, na majirani waliopiga makofi wakaanza kujuta. Mzee Ambakisye akawa analala hadi chai inapoa. Habari ya kurudi Tukuyu haikusikika tena, ila kwenda kusalimia.

Sifa za mashine zikaenea, watu wakaja kuagiza mapambo. Fidelis hakugusa ubao kabla ya kujua ni nani atakayelala humo. Bwana mmoja alitaka simba wanaonguruma chumbani kwa mchumba wake. Alirudishwa akaulize kwanza, akarejea kwa unyonge kuagiza maua ya pareto. Na kila aliyenung'unika kwamba anacheleweshwa, Tusekile alimjibu kutoka mlangoni kwa maneno ambayo mji mzima ukaja kuyashika:

Mpamba chumba humuuliza mlalaji.