Usukani Ulipovuka Daraja

"Usukani ukivuka mpaka, macho huhamia kwa abiria."

Maneno hayo mjomba mmoja alimwambia bwana harusi, ambaye wiki hiyo alikuwa anahamia ugenini na mkewe. Watu wazima wakaitikia kwa vichwa. Vijana wakabaki wanatazamana. Walipokwisha kula wakamfuata Bibi Nakijwa uani, alikokuwa anachambua kunde, wakamwuliza hayo ya usukani yametoka wapi.

"Kaeni," akasema. "Ila mkono wa mtu usikae bure. Vuteni ungo huo." Walipokwisha kuuvuta akaanza. Methali hii haikutoka mbali, ilianza hivi.

Hapa hapa Singida palikuwa na fundi wa visima, Mkumbo, na mkewe Eliwaza. Mkumbo alizeeka akitafuta maji chini ya mawe. Alichimba mpaka jua likamchoka, akapata ndoo moja ya tope, akashukuru. Basi akaitwa kazini ng'ambo ya mto wa mpakani, katika nchi ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, si kushoto kama kwetu. Akasema atakwenda na gari lake, na vyombo vyake vyote vya kuchimbia ndani yake.

"Liuze," wenzake wakamwambia. "Usukani wako uko kulia. Kule utakuwa unaendesha umekaa juu ya mtaro."

"Gari hili limenizoea kuliko mke wangu," akajibu, wakacheka.

Eliwaza alikuwa palepale anafunga magodoro juu ya gari. Alikaza kamba.

Na ndani ya gari hilo kulikuwa na sheria moja: dereva hasemeshwi. Mkumbo aliirithi kwa mzee aliyemfundisha udereva zamani, akaishika kama amri ya kanisani. Miaka yote Eliwaza amekaa kushoto, chupa ya chai magotini, anatazama vichuguu na mbuzi wa kando ya njia. Barabara alimwachia mwenyewe. Hata akibanwa na haja, alikohoa mpaka mume atambue.

Walipofika mpakani gari lilikaguliwa, likaruhusiwa kuingia kama mali ya mtu anayehama. Afisa kijana akainama dirishani.

"Mzee, ukifika katikati ya daraja, hamia kulia. Na wewe mama, usilale."

"Mimi siendeshi, mwanangu."

Kijana akatabasamu tu, akainua kizuizi.

Daraja lile, wajukuu zangu. Eliwaza alihisi ngurumo miguuni, akaogopa kabla hajaona kitu. Kisha akaona. Mto mzima mwekundu ulikuwa unajitupa kwenye mawe, unavunjika, unapanda tena angani kama moshi, na manyunyu yakaja mpaka kwenye kioo. Mkumbo alipunguza mwendo. Mtu aliyewahi kulia kwa furaha kwa sababu ya ndoo ya tope, leo anaona maji yakimwagika bila mtu wa kuyakinga. Midomo ikamcheza. Gari likahama taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, na Eliwaza akaona kama kwamba si gari lililohama, ni dunia iliyogeuzwa kama chapati.

Ng'ambo ikaanza milima. Si milima ya mawe kama yetu. Ya kijani, mmoja umepanda mgongoni kwa mwingine, na barabara imejiviringisha humo. Sasa Eliwaza ndiye aliyekaa upande wa katikati ya barabara. Magari ya watu yalimpitia karibu na bega. Mbele yao lilikuwa lori la ndizi, linapanda huku linatoa moshi. Mkumbo akanyoosha shingo. Hakuona ila turubai. Akasogeza pua ya gari kushoto kidogo, akaona turubai. Akasogeza tena.

Lakini Eliwaza alikwisha kuona. Juu ya kona lilikuwa linashuka tangi la mafuta, taa zinawaka mchana. Miaka yote ile ya kunyamaza ilimkalia kooni. Mkumbo akakanyaga mafuta, gari likatoka.

"Rudi," Eliwaza akasema.

Hakupiga kelele. Alisema kama anayemwita mtoto aje ale. Na Mkumbo, hata leo hatujui kwa nini, akarudi. Tangi likapita. Upepo wake ukalitikisa gari, majembe yakagongana nyuma, chai ikamwagika magotini kwa Eliwaza naye asihisi moto.

Wakaendelea nyuma ya lori. Kisha Mkumbo akasema, kwa sauti ambayo mkewe hakuijua:

"Mke wangu, unaona nini?"

"Naona bonde," akasema. "Naona pikipiki inakuja, imebeba mbao."

"Nipite?"

"Bado. Ngoja hiyo ipite."

Ikapita. Eliwaza akatazama. Barabara yote ilikuwa imelala mbele yake, tupu mpaka kilele cha pili, na wingu limekaa juu yake. Akaona ajabu: kwamba chuma hiki chote, na mume, na vyombo vya kazi, na maisha wanayoyafuata, vinangoja neno litoke mdomoni mwake. Aliogopa, kama alivyoogopa darajani.

"Sasa," akasema. "Nenda."

Mkumbo akaenda, bila kuona hata kidogo anakokwenda.

Walipofika, wenyeji walilizunguka gari wakishangaa. Wakamwuliza amevukaje milima yote ile akiwa amekaa upande usioona. Mkumbo akawaonyesha Eliwaza, aliyekuwa anafungua kamba za magodoro, akawajibu kwa maneno yale ya usukani.

Bibi Nakijwa akapepeta kunde, makapi yakaruka.

"Na hilo gari, bibi, liliishia wapi?"

"Lilizeeka kule kule. Nimelipanda mimi, nilipokwenda kumwona dada yangu, huyo Eliwaza, na mumewe. Walikuwa wanaongea njia nzima, hata usingizi sikupata."

Nje, gari la maharusi lilikuwa linawashwa. Bwana harusi alimfungulia mkewe mlango, akasimama kidogo akimtazama, kama mtu aliyekumbuka kitu. Vijana wakaacha kunde. Safari hii hakuna aliyeuliza. Waliisema methali pamoja, polepole: usukani ukivuka mpaka, macho huhamia kwa abiria.