Mama Pimbi Akagua Ndege za Mabomu

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana, maana injini zilikuwa zimeshavumbuliwa, Tembo na Kifaru walikuwa majirani. Sogeeni karibu. Na wewe wa nyuma, acha kumvuta mwenzako sikio. Hadithi hii ina ndege ndani yake, utajuta ukiikosa.

Majirani hao ndio waliokuwa wakubwa wa bonde zima, ila walikosa kitu kimoja tu: bwawa la kuogea. Maji yalikuwepo, lakini yalikuwa ndani ya kilima cha mawe alikoishi Mama Pimbi na wanawe. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, ukubwa wake kama sungura, anakaa kwenye nyufa za miamba. Basi Tembo akasema kilima kile kivunjwe, maji yamwagike bondeni. Kifaru naye akasema hivyo hivyo. Wakakubaliana warushe ndege siku moja, na atakayekivunja kwa kudondosha mawe kutoka angani, bwawa litakuwa lake.

Hakuna aliyeuliza Mama Pimbi angehamia wapi. Alikuwa na watoto wengi, na wengine bado walikuwa wananyonya.

Zikaanza kujengwa ndege za mabomu, kila moja nyuma ya nyumba ya mwenyewe. Gonga gonga, gonga gonga, kutwa nzima! Ya Tembo ilikuwa nene, kifua mbele, injini nne, mbili kila bawa, na kila injini ina pangaboi refu kuliko mlango wa nyumba. Pua yake ilikuwa ya kioo kitupu, duara, ukikaa mle unaona dunia yote chini ya miguu yako. Nyuma ilikuwa na mikia miwili iliyosimama wima. Ya Kifaru ilikuwa kinyume chake kabisa. Ndefu, nyembamba, pua kali, mabawa yamelala kwa nyuma, mkia mmoja mrefu. Injini zake zilikuwa sita, na mapangaboi yake yalitazama nyuma, yanaisukuma ndege badala ya kuivuta!

Siwafichi, wanangu. Ndege zile zilijengwa kwa ubaya, lakini zilipendeza. Mimi mwenyewe ningeambiwa nipande, ningepanda na viatu mkononi.

Mama Pimbi alipoziona kutoka juu ya kilima, alilia. Akalia mpaka akachoka. Kisha akafuta machozi, akajifunga kanga kiunoni, akateremka kwenda kwa Tembo, maana alikuwa na kitu kimoja ambacho wakubwa wale hawakuweza kumnyang'anya. Alikuwa mtani wao.

Mnajua mambo ya utani. Tangu enzi za mababu, ukoo wa Pimbi ulitaniana na koo za Tembo na Kifaru. Hata msibani, Pimbi aliweza kumvuta Tembo mkonga na kumwambia marehemu alikuwa mlafi, na Tembo akacheka. Ukimkasirikia mtani wako, umejiaibisha wewe na wajukuu zako. Kwa hiyo Tembo alipomwona anakuja, hakuweza kumfukuza. Alimkaribisha, tena akamwomba aikague ndege, kwa sababu alikuwa anakufa kwa hamu ya kusifiwa.

Mama Pimbi akazunguka. Akasifu kioo cha puani. Akasifu mikia, akasema hata bibi harusi hajapambwa namna ile. Kisha akainama, akachungulia tumboni mwa ndege, palipokuwa na milango miwili mipana ya kudondoshea mawe. Akashika mdomo.

"Mtani wangu," akasema, "mwili wote huu mzuri, halafu chini umevaa kaptula iliyochanika?"

Tembo akapinda shingo atazame. "Iko wapi?"

"Si ndiyo hii mipasuko! Hii milango inayoning'inia. Kutoka chini, watu wote hawataona kioo wala mikia, wataona tumbo. Na tumbo la ndege ya Kifaru, lo! Limenyooka moja kwa moja, halina hata mshono."

Alikuwa anadanganya. Ndege ya Kifaru ilikuwa na milango kama ile ile. Lakini Tembo masikio yalimcheza. Akamwita fundi wake, Ngiri, akamwamuru aizibe milango yote kwa bati jipya, apige ribiti, ile misumari ya kushonea bati, apake rangi, pasionekane kitu.

Ngiri akajikuna kichwa. "Mzee, tukiziba hapa, mawe tutayaingizia wapi?"

Jamani!  Mama Pimbi akajua amekwisha, na watoto wake wamekwisha.

"Kwa mlango wa ubavuni, ninaopandia mimi," akajibu Tembo kwa hasira. "Fundi gani wewe, hata hilo nikufundishe?"

Ngiri akachukua nyundo. Mama Pimbi akasubiri swali la pili, lile la mawe yatatoka kwa mlango gani huko angani. Halikuja. Swali lililokuja lilikuwa la Tembo, naye alitaka kujua kama rangi ya fedha ingempendeza.

Akamwambia ingempendeza sana. Halafu akakimbia, miguu mifupi ile, tipu tipu tipu, mpaka kwa Kifaru. Huko hakuwa na haja hata ya kudanganya. Alimtania kwanza kuhusu mapangaboi, akamuuliza kama ndege yake inakwenda sokoni kinyumenyume, Kifaru akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamwambia kwamba Tembo ameziba tumbo la ndege yake, limekuwa laini, linang'aa, kila mtu atalitazama hilo. Kifaru akapanda juu ya paa kuchungulia. Akaona kweli Ngiri anapiga ribiti.  Aliteremka akatafuta bati.

Siku ikafika. Bonde lilijaa! Nyumbu, pundamilia, nyani na watoto mabegani, wote wanabishana. Hawa wanasema uzuri ni unene, kioo na mikia miwili. Wale wanasema injini sita ni sita, na pua kali ndiyo pua. Nyani wawili walikaribia kupigana. Mawe yakapakiwa kwa milango ya ubavuni, ndege zikajaa mpaka magurudumu yakabonyea. Injini zikawaka. Ngrrrr! Vuuuum! Vumbi likafunika watu, na ndege zikapaa.

Wee! Zilipita juu ya bonde bega kwa bega, matumbo yanametameta, na watu wote wakapiga kelele za furaha, hata waliompenda Mama Pimbi.

Mama Pimbi alikuwa amewaficha wanawe kwenye ufa wa chini kabisa. Yeye alisimama juu ya mwamba. Hakuwa na uhakika, wanangu. Ni nani angekuwa nao?

Tembo akafika juu ya kilima, akavuta mkono wa chuma wa kufungulia milango. Kwang'! Kimya. Akavuta tena. Kwang', kwang'! Mawe yametulia humo humo. Upande wa pili Kifaru alikuwa anavuta mpaka jasho likamwingia machoni. Wakazunguka kilima, wakazunguka tena, mafuta yanapungua, na kila wakipita Mama Pimbi anapunga kanga na kuwasifia matumbo.

Mwisho ikabidi watue, na mzigo wote ule. Tembo akagusa ardhi mbele ya nyumba yake, akakanyaga breki. Ndege ikasimama, mawe hayakusimama. Gudugudugudu! Yakapita pembeni mwa kiti chake, yakatoboa kile kioo kizuri, yakaangukia jiko lake, ghala lake na uzio wake. Kifaru akatua kwake. Pua kali ikapasuka, na baraza lake lote likalala chini ya mawe.

Hakufa mtu. Lakini Tembo alitoka kwenye vyuma vile anachechemea, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mama Pimbi, Kifaru nyuma yake.  Tembo akainua mguu juu ya Mama Pimbi, akauweka hewani pale pale, maana bonde zima lilikuwa linamtazama kama atamkasirikia mtani wake.

Akaushusha taratibu. "Ulijua mawe hayatatoka," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mtani wangu," akajibu Mama Pimbi, "uliniuliza kama imependeza. Hukuniuliza kama inafanya kazi."

Aliyeanza kucheka alikuwa Ngiri. Wakafuata nyani, wakafuata wote, na wakubwa wale, kwa kuwa utani ni utani, ikabidi nao wacheke. Mama Pimbi hakucheka. Alikwenda kuwatoa wanawe ufani, akawanyonyesha.

Kwa hiyo shikeni hili, mkalale nalo: anayejenga kitu ili amshinde jirani kwa uzuri, husahau alikuwa anajenga nini.